Bendi ya Wazee wa Kanyadera

Al Mansoura, Doha
9 Februari 2025

Dada yangu Akinyi,

Leo salamu zitangoja mlangoni kidogo. Nimekuficha jambo tangu kabla ya Krismasi: moyo wangu unachoka. Daktari alinionyesha picha yake kwenye kioo cha kompyuta, akasema pampu imelegea na haitakazwa tena. Ninameza vidonge, ninakula bila chumvi, ninapanda ngazi kama mtu anayekumbuka dhambi moja kila kidato. Hakunitajia mwezi, nami sikumwuliza. Nina miaka sabini na sita; sina ugomvi na mtu. Basi, nimekwambia.

Sasa salamu ziingie. Valerie hajambo. Bado yuko wodi ya watoto, na akirudi nyumbani huvua viatu kwenye lifti. Huyu mwanangu alinileta hapa ili anitazame, na ananitazama kweli. Hata nikikohoa anatokea mlangoni. Baridi ya Doha mwezi huu ni ya kupendeza. Chini ya jengo letu kuna mtu anayeuza chai ya karak, tamu kupita kiasi, nami naruhusiwa kuinusa tu.

Nije kwenye jambo lenyewe. Levis ameniandikia. Unamkumbuka, yule niliyesoma naye ualimu, aliyepiga tarumbeta kubwa la baritoni? Anasema Chuo cha Kanyadera kinawaita wanafunzi wake wote wa zamani warudi mwezi wa Oktoba. Wale waliokuwa kwenye bendi watapiga gwaride tena, kutoka langoni hadi uwanjani, nyuma ya bendi ya wanafunzi wa sasa. Kila mtu na ala yake.

Akinyi, nataka kwenda. Sitaki kuketi kwenye hema la wageni na chupa ya maji mkononi, nikipungia watu. Nataka kupiga gwaride mara moja zaidi kabla sijafa.

Nakuomba mambo mawili. Zungumza na Valerie, maana hataki kusikia, na wewe ndiye shangazi anayemwogopa. Pili, litoe lile tarumbeta langu nililokuachia nilipohama Kisumu, uniambie hali yake.

Barua hii anaibeba Kiprop, mlinzi wa benki hapa, mtu wa kanisa letu. Anakwenda likizo Eldoret na atafika huko kwenu. Nimemwambia aiache kwa jirani yako Edith, dukani.

Kakako,
Cyrus Oloo


Ahero
30 Machi 2025

Kaka Cyrus,

Barua yako ilikaa kwa Edith muda mrefu. Aliiweka chini ya mzani akaisahau, akaikumbuka siku alipoona sukari yake inapimwa vibaya. Nimeisoma nimesimama, nikaketi, nikaisoma tena, kisha nikakasirika. Tangu Krismasi! Na Krismasi yenyewe uliniandikia ukurasa mzima kuhusu paka wa mtaani kwenu. Nimelia, nimemaliza. Usinirudishe huko.

Sisi tuko. Mvua imeanza na mpunga umeshapandwa. Ng'ombe amezaa, ndume tena. Goti langu la kushoto linatabiri hali ya hewa kuliko redio.

Nilipoimaliza barua nilikupigia simu hapo hapo. Valerie akasema umelala. Nikapiga Jumapili, unaoga. Nikapiga siku nyingine, uko kanisani. Ni usafi gani huo na utakatifu gani, kaka, usiomwachia mtu nafasi ya kushika simu ya dada yake? Zamani tulikuwa tukiongea mpaka simu inachoma sikio. Mbona hushiki simu?

Kuhusu gwaride, jibu langu ni hapana, na Valerie ana haki. Unataka kuanguka mbele ya watoto wa watu ukiwa na tarumbeta mdomoni? Nilimsomea Edith kipande hicho. Akasema, "Mwache mzee aje. Akianguka, nitamdaka mimi." Huyo mwanamke tangu awe mjane hana breki.

Kiprop amesema atapita kuichukua barua hii akirudi kazini. Kijana mzuri. Nilimpa uji, akamaliza mtungi.

Kula vizuri. Bila chumvi.

Dada yako,
Akinyi


Al Mansoura, Doha
1 Juni 2025

Dada yangu Akinyi,

Tunaendelea vizuri ila kwa joto, ambalo sasa linatuamkia kabla ya jua. Hongera kwa ndama. Goti lipake mafuta ya moto.

Hukusema neno hata moja kuhusu tarumbeta langu. Nimeliona pengo hilo. Kuhusu simu, mimi nilikuwa mwalimu wa Kiswahili miaka yote. Mtu kama mimi huandika. Simu humfanya mtu aseme kilicho karibu na ulimi. Tuliache hapo.

Sasa sikiliza vituko. Kiprop anapiga ngoma kwenye bendi ya kanisa, na aliniazimia tarumbeta lao. Mchana mmoja nikakaa sebuleni, nikafumba macho, nikapuliza wimbo wa Kanyadera kutoka mwanzo. Midomo ilikuwa laini kama ya mtoto, lakini vidole vilikumbuka kila kitu. Nilipofumbua macho, Valerie alikuwa amesimama mbele yangu na sare yake ya kazi. Nyuma yake mlinzi wa jengo. Nyuma ya mlinzi, jirani yetu wa Kerala na kichanga chake mikononi, wote wawili wameamka. Kumbe walikuwa wameugonga mlango hadi wakachoka, ndipo wakamwita Valerie kazini.

"Baba," akaniambia, "majirani watakuua kabla ya moyo."

Kiprop ndiye aliyetuokoa. Huko Umm Salal kuna shamba la mitende ambalo rafiki yake Job, Mganda, analitunza pamoja na mbuzi. Kila Ijumaa alfajiri Kiprop hunichukua kwa gari la kuazima, tunapiga kabla joto halijapanda. Yeye ngoma yake ni pipa tupu la maji. Namwambia apige kwa nguvu zaidi, na zaidi, mpaka niihisi kifuani. Wiki ya kwanza mbuzi walikimbilia ukutani. Wiki hii nilimwomba Job radhi kwa kuwasumbua, akacheka. "Hapana, mzee. Wamezoea. Sasa ukinyamaza ndiyo wanashtuka."

Ijumaa iliyopita Valerie alikuja mwenyewe kutupeleleza. Aliketi kwenye ukingo wa birika la kunyweshea mbuzi, uso wa kinesi. Nikapiga ubeti wa kwanza. Alipoinamisha kichwa nilidhani analia. Alikuwa anacheka, Akinyi, anacheka mpaka kitambaa kikamtoka kichwani, kwa sababu mbuzi mmoja alikuwa amejipanga nyuma yangu na anatembea. Tangu afiwe na mama yake sijamwona akicheka namna ile.

Amekubali, kwa masharti. Nitasukumwa kwenye kiti cha magurudumu toka langoni mpaka kona ya maktaba. Hapo nitasimama, niingie safuni, nitembee mwenyewe mpaka mbele ya jukwaa. Ni kama kutoka kwako hadi dukani kwa Edith. Daktari alipoulizwa, alisema nisafiri sasa kuliko baadaye.

Amebaki mtu mmoja anayepinga, naye yuko Ahero.

Kakako,
Cyrus


Ahero
17 Agosti 2025

Kaka Cyrus,

Valerie amenitumia picha: wewe, pipa, na mbuzi wanaokutazama kama waumini. Nimeionyesha soko zima. Haya, umeshinda. Njoo.

Kwanza habari za huku. Mpunga umevunwa, si haba. Goti limenyamaza.

Sasa tarumbeta. Sikusema kitu kwa sababu nilikuwa na aibu. Sanduku lake kuku walilitwaa zamani. Ndani lilikuwa na kile kitambaa laini chekundu, na kuku si mjinga. Nusu ya kuku wa hapa Ahero wametotolewa humo. Wewe ni babu yao. Tarumbeta lenyewe lilikuwa limetundikwa kwenye msumari jikoni, jeusi kama sufuria. Barua yako ya kwanza ilipokuja nililishusha, nikalitazama, nikalirudisha. Sasa nimelisugua kwa majivu na ndimu mpaka mikono ikawaka, na linang'aa hivi kwamba Edith anajitazamia humo akijifunga kilemba.

Kibonye kimoja kilikuwa kimekwama. Levis alikuja na mafuta ya cherehani akakilegeza, kisha akalipuliza ili alijaribu. Ng'ombe akakata kamba. Tulimkuta kwa jirani.

Levis amezeeka vizuri, ila meno ya mbele ni ya kununua, na anasema yanataka kumtoka kila akifika noti ya juu. Alikunywa chai akaniambia, "Mwambie Sikio asiwe na wasiwasi. Tumempa nafasi ya mbele kulia, maana ndiye mkubwa wetu." Bado wanakuita Sikio! Nilikuwa nimesahau jina hilo. Anasema bila wewe hakuna aliyejua kama tarumbeta lake limepanda au limeshuka, na anataka ufike mapema uwapange sauti kama zamani. Nikamwahidi kwamba Cyrus atalifanya hilo kwa furaha.

Bado hushiki simu. Sitauliza tena. Nimeamua kwamba umepata mchumba huko na anaona wivu.

Kitanda chako nimekiweka chumba cha mbele, mahali ambapo jua halifiki mapema.

Dada yako,
Akinyi


Ahero
2 Novemba 2025

Kaka Cyrus,

Natumaini mlifika salama na wale samaki wakavu hawakuzuiwa uwanja wa ndege. Huku nyumba imekuwa kubwa tangu mwondoke. Nilizoea kuusikia mguu wako ukiburuta barazani.

Lakini kaka, siku zile ulikuwa mpole mpaka nikaogopa. Wewe mtu wa kubisha hata bei ya kiberiti! Nilikuuliza kama nikuongeze ugali, ukaitikia kwa kichwa. Nikakuongeza. Nikauliza tena, ukaitikia tena. Kama Valerie hangeninyang'anya sufuria ungepasuka pale mezani. Na Edith! Alipokuuliza mbele ya watu wote, "Mzee Cyrus, sasa unanioa lini twende Doha?" ukamwekea mkono begani ukasema, "Ndiyo, mama, asante, nimeshiba." Watu walianguka. Edith amenunua begi la safari na anasema ana mashahidi.

Levis amenuna kidogo. Anasema ulipoombwa kuwapanga sauti uliwatazama tu, ukawaambia, "Mko sawa kabisa." Yeye anasema katika maisha yake hajasikia bendi mbovu kama ile ikiambiwa iko sawa. Nikamwambia umri umekulainisha.

Sasa acha nikwambie nilivyoiona siku ile kutoka nje, kwa maana wewe ulikuwa ndani yake.

Wanafunzi walitangulia, miguu yao ikipanda kama mguu mmoja. Nyuma yao mkaja ninyi, kila mguu na serikali yake. Mmoja kofia ilikuwa inamfunika macho. Levis alikuwa ameyafunga meno kwa uzi, aliniambia baadaye. Kona ya maktaba Valerie akafunga breki ya kiti, akakushika kiwiko, ukasimama. Ukaingia mbele kulia kana kwamba ulikuwa umetoka tu kunywa maji, ukainua lile tarumbeta la jikoni kwangu, na wimbo wa Kanyadera ukaanza. Nilikuwa nimejiapiza kutolia. Nikapiga kigelegele badala yake, na Edith akaupokea, na akina mama wote wa upande ule.

Kisha mkafika mbele ya jukwaa. Mkuu wa chuo alikuwa ameshatutangazia kwamba baada ya ubeti wa pili matarumbeta yote yatanyamaza. Yule Mwalimu Terry anayeongoza bendi ndiye aliyeliongeza jambo hilo mwaka huu: ngoma peke yake, polepole, kwa heshima ya wanabendi waliotangulia mbele ya haki. Tukasimama. Kimya kikaingia uwanja mzima, ngoma tu inagonga. Na katikati ya kimya kile tarumbeta moja likaendelea.

Lako.

Levis alikugeukia mdomo wazi. Wewe hukumtazama. Ulitazama mbele, kidevu juu, ukaupiga ubeti wa tatu wote peke yako juu ya ile ngoma, mguu haukukosea. Noti mbili zilitoka njiani, na watu wakadhani ni machozi. Wanaume wakavua kofia. Mkuu wa chuo alilia na kipaza sauti mkononi, kwa hiyo tulimsikia sote. Ulipofika kiitikio bendi nzima ikaingia nyuma yako, wazee na wanafunzi, na hapo sikumbuki tena vizuri, nilikuwa nacheza, na goti langu hili hili.

Sasa mkuu wa chuo amekuja hapa nyumbani. Wameamua iwe desturi: kila mwaka, katika kimya kile, mwanabendi mwenye umri mkubwa kuliko wote aupige ubeti wa tatu peke yake kwa ajili ya wenzake. Anakuomba uandike maneno machache jinsi ulivyolifikiria jambo lile, wanafunzi wasomewe.

Nami nina swali langu. Nilijua unaaga, kaka. Hatukulisema, tulikula samaki na kucheka. Lakini niambie: ulikuwa unamuaga nani pale? Mama? Mkeo? Mimi?

Dada yako,
Akinyi


Al Mansoura, Doha
7 Desemba 2025

Dada yangu Akinyi,

Samaki walifika. Harufu yao iliujulisha mtaa mzima kwamba tumerudi, na jirani wa Kerala alikuja kuomba nusu. Sasa tumepatana.

Nililazwa kidogo mwezi uliopita. Maji yalikuwa yamepanda miguuni. Nimerudi nyumbani. Daktari hanionyeshi picha tena, ananishika bega tu. Ninaandika nimeegemea mito, ndiyo maana mistari inateremka. Kiprop na Job walikuja Ijumaa na maziwa ya mbuzi. Mwambie Edith begi alitunze, lakini asikatae wachumba wengine kwa ajili yangu.

Nimejaribu kumwandikia mkuu wa chuo. Nilianza hivi: "Katika kimya kile niliwakumbuka wenzangu waliolala." Nikaisoma. Kiswahili safi, uongo mtupu. Nikaichana.

Uliniuliza nilikuwa namuaga nani. Sikuwa namuaga mtu, Akinyi. Nilikuwa nafurahi. Miguu yangu ilikuwa inakwenda. Bega la Levis lilikuwa linaligusa langu. Ngoma ilikuwa inagonga hapa kifuani, mahali pale pale palipochoka, na fimbo ya Mwalimu Terry ilikuwa inapanda na kushuka mbele yangu. Nikawaona watu wanasimama na wanaume wanavua kofia, nikasema moyoni, wametupenda! Nikapuliza kwa nguvu zaidi. Nilidhani tunapiga sote.

Mwalimu Terry alituelekeza asubuhi ile, kweli. Nilimtazama midomo, lakini anaongea haraka na hakutulia mahali pamoja. Nikaitikia kwa kichwa, kama nilivyoitikia mezani kwako. Baadaye watu waliponikumbatia nilidhani wanausifu uzee wangu. Ni ndani ya ndege ndipo Valerie aliponiandikia nyuma ya tiketi: "Baba, ulipiga peke yako." Nilicheka hadi mhudumu akaniletea maji, na Valerie akacheka, na tulikuwa tukitulia mmoja wetu anaanza tena.

Desturi yao usiivunje. Ni nzuri kuliko chochote ambacho ningekibuni kwa makusudi, na huyo mzee wa mwakani atakuwa na jambo la kuwaambia wenzake kwa tarumbeta. Mkuu wa chuo mjibu utakavyo. Lakini wewe sitaki ubaki na kaka ambaye hakuwapo. Valerie anajua, Kiprop na Job wanajua, niliwaapisha. Wewe ungemwambia Levis, na Levis kwa upendo angenipeleka kwenye hema la wageni. Kukuandikia kwamba ninakufa hakukunishinda, kila mzee hufa. Hili ndilo lililonishinda.

Mimi ni kiziwi, Akinyi. Masikio yote mawili yalizima mwaka juzi, na siku ile uwanjani sikusikia bendi, wala kigelegele chako, wala noti moja ya tarumbeta langu.

Kakako,
Cyrus